Uzi Ukikatika, Mashine Isimame



Tukitembelea vikundi, kuna swali moja tunaloulizwa karibu kila mahali, iwe ni kikundi cha akina mama wa kuku au cha vijana wa matofali: Mbona mradi ulianza vizuri hivi, na sasa umelala? Majibu nayo huwa tayari kabla hatujafungua mdomo. Ati pesa hazikutosha. Ati mwenyekiti ni mwizi. Ati watu wa hapa hawapendi maendeleo. Sisi hatusemi kwamba pesa hutosha, na wezi tumewaona. Lakini baada ya miaka mingi ya kukaa chini ya miti tukisikiliza mambo haya, tumeona vikundi vingi vikifa kwa kosa dogo ambalo watu kadhaa walilijua. Wengine hawakulisema. Wengine walilisema, na hakuna aliyekuja kuangalia.

Hebu tuwape kisa kimoja, halafu tutasafiri mbali kidogo, halafu tutarudi nyumbani.

MASHINE ILIYOKUFA KWA KIU

Kikundi kimoja, jina tutaliacha, kilinunua mashine ya kusaga mahindi kwa michango ya wanachama na mkopo. Ilisaga miaka miwili, na karibu nusu ya mkopo ikalipwa. Halafu siku moja injini ikakwama. Fundi aliyeletwa kutoka mjini akaifungua, akaonyesha oili nyeusi nzito kama lami, akasema injini imekufa kwa kukosa oili safi. Mkutano ukaitwa mara moja. Kijana aliyekuwa akiendesha mashine akasimamishwa katikati, akaambiwa ni mzembe, akafutwa kazi. Mama yake ni mwanachama. Alikuwa ameketi pale pale na leso yake mabegani, na hakusema neno.

Mashine ilifungwa miezi mitano. Akina mama wakarudia kubeba mahindi kichwani hadi sokoni, mwendo wa saa moja na nusu kwenda na mwingine kurudi, na mkopo ukaendelea kuzaa riba.

Sisi tulikuwa katika mkutano huo. Katika ripoti yetu tuliandika: mwendeshaji alizembea, kikundi kimechukua hatua. Tutairudia ripoti hiyo, maana hatujivunii.

SEREMALA ALIYEWATAZAMA AKINA MAMA WAKIFUMA

Sasa tusafiri. Huko Japani alizaliwa mtu mmoja mwaka 1867, jina lake Sakichi Toyoda. Baba yake alikuwa seremala wa kijijini. Sakichi aliwatazama akina mama, pamoja na mama yake mzazi, wakifuma vitambaa kwa mikono mchana kutwa, na akaanza kutengeneza mashine za kufumia. Alikosea mara nyingi kabla hajafaulu. Mwaka 1924 yeye na watu wake walitoa mashine ya kufuma ambayo ilikuwa na jambo moja la ajabu: uzi mmoja ukikatika, mashine ilisimama yenyewe.

Pengine utasema, jambo lenyewe ni dogo. Lakini fikiria. Mashine isiyosimama uzi ukikatika inaendelea kutoa kitambaa kibovu, yadi baada ya yadi, mpaka mtu aje kugundua. Kwa hiyo ni lazima mtu akae karibu nayo akiikodolea macho. Mashine inayosimama haiharibu kitambaa, na mtu mmoja anaweza kuangalia nyingi. Halafu kuna faida nyingine kubwa kuliko hizo. Mashine ikisimama, kila mtu anajua mahali hasa uzi ulipokatikia, na saa yenyewe. Ikiendelea, utakuja kukuta kitambaa kibovu jioni, na hapo hakuna anayejua ilianza wapi, kwa hiyo mtatafuta wa kulaumu.

Mwaka 1929 haki za kutengeneza mashine hiyo ziliuzwa kwa kampuni ya Uingereza iitwayo Platt Brothers. Mwanawe Sakichi, Kiichiro, aliingia katika kazi ya magari, na mwaka 1937 kampuni ya Toyota ikaanzishwa. Ndiyo hiyo hiyo ya magari mnayoyaona barabarani yakibeba abiria, mbuzi na magunia ya viazi.

Msidhani mambo yalikuwa rahisi. Baada ya vita vya pili vya dunia Japani ilikuwa maskini sana. Mwaka 1950 Toyota ilikaribia kufilisika. Wafanyakazi wengi walipoteza kazi, wakagoma, na Kiichiro mwenyewe akajiuzulu kama kiongozi. Mwaka huo huo binamu yake, Eiji Toyoda, alikwenda Marekani kuona kiwanda kikubwa cha Ford. Aliona kazi ambayo kampuni yake isingeweza kuiga hata kwa ndoto, maana Ford walikuwa na pesa za kujaza maghala na vipuri, na mashine kubwa zisizosimama. Toyota hawakuwa na pesa hizo. Ilibidi watafute njia ya watu wasio na kitu cha kutupa.

Tunalisema hili kwa sababu watu husikia mambo ya viwanda vya Japani wakadhani ni elimu ya matajiri. La. Ilianza kwa shida, na shida vikundi vyetu vinaijua.

MUDA

Aliyeifanyia kazi njia hiyo zaidi ya wengine alikuwa Taiichi Ohno. Alianza kazi mwaka 1932 katika kiwanda cha vitambaa cha akina Toyoda, na mwaka 1943 akahamia upande wa magari. Ohno alipenda kuuliza: katika yale tunayoyafanya leo, ni yapi yanayomfaa anayenunua, na ni yapi ya bure tu? Yale ya bure Wajapani huyaita muda. Ndiyo, neno ni hilo hilo, muda, ila kwao maana yake ni upotevu. Tulicheka sana tulipolisikia mara ya kwanza. Kwetu muda ni wakati, na mara nyingi ndicho kitu cha kwanza tunachokipoteza.

Ohno alitaja aina saba za upotevu. Hatutazieleza zote kirefu, mtazitambua wenyewe. Kutengeneza kupita mahitaji: kikundi kinasuka vikapu mia mbili halafu kinaanza kutafuta mnunuzi. Kungoja: mkutano wa saa tatu unaanza saa sita, na watu thelathini wamekaa kwenye nyasi. Hesabu hapo, saa tatu mara watu thelathini ni saa tisini, na kwa saa tisini shamba la ekari ngapi lingepaliliwa? Kubeba vitu huku na huku bila sababu. Kuweka akiba kubwa ghalani mpaka ioze au iliwe na panya. Kutembea na kuinama kusiko na maana. Kufanyia kitu kazi ambayo mnunuzi hakuihitaji. Na kutengeneza kitu kibovu kisha kukirudia.

Wamarekani waliochunguza njia hii baadaye waliipa jina. Mwaka 1988 mhandisi mmoja aitwaye John Krafcik aliiita kwa neno la Kiingereza linalotumika kwa nyama isiyo na mafuta, na kitabu kilichotoka mwaka 1990 kikalieneza jina hilo duniani. Jina lenyewe limeleta shida. Mabosi wengi walisikia kuondoa mafuta, wakaanza kuondoa watu. Tunataka tuwe wazi hapa. Kama kuonyesha upotevu kunamfanya mtu apoteze nafasi yake, hakuna atakayeonyesha tena, na hilo halihitaji digrii kulielewa.

KAMBA INAYOSIMAMISHA KAZI

Katika viwanda vya Toyota, mafundi husimama kwenye laini ndefu na magari hupita mbele yao yakiunganishwa kidogo kidogo. Juu yao palinyooshwa kamba. Fundi akiona kasoro, hata kama ameanza kazi wiki jana, anaivuta. Taa inawaka, na kiongozi wa kundi lake anafika mara moja. Wakiweza kurekebisha kabla gari halijavuka mahali pale, kazi inaendelea. Wakishindwa, laini inasimama, na watu wote waliopo wanaona.

Sasa angalieni kazi ya kiongozi hapo. Haketi ofisini akingojea ripoti ya mwisho wa mwezi. Kazi yake ni kufika. Akifika hamuulizi fundi kwa ukali, kwa nini umetusimamishia kazi? Anamshukuru kwanza, kwa sababu kasoro imeonekana ikiwa bado ndogo. Akimgombeza mara moja tu, kamba ile itaning'inia pale miaka yote kama kamba ya kuanikia nguo.

Kuna ushahidi mmoja tunaoupenda sana. Kampuni ya General Motors ilikuwa na kiwanda mjini Fremont, jimbo la California. Kilikuwa na sifa mbaya. Wafanyakazi na wakubwa walikuwa kama paka na panya, na siku nyingi karibu mtu mmoja kati ya watano hakuja kazini. Laini haikusimamishwa hata kwa kasoro gani. Magari mabovu yaliachwa yapite, yarekebishwe baadaye uwanjani. Mwaka 1982 kiwanda kikafungwa. Mwaka 1984 kikafunguliwa tena kwa ubia kati ya General Motors na Toyota, kikiitwa NUMMI. Na walioajiriwa? Wengi walikuwa wale wale wa zamani, na chama chao kile kile cha wafanyakazi. Baadhi walipelekwa Japani kufanya kazi bega kwa bega na mafundi wa Toyota, wakarudi wakisimulia kamba.

Baada ya muda mfupi kiwanda hicho kilikuwa kikitoa magari yenye kasoro chache kama yale ya Japani, na utoro ukapungua sana. Kumbe watu hawakuwa wabaya. Na biashara ilipopungua miaka ya 1987 na 1988, NUMMI haikuwafuta watu. Ilitumia wakati huo kuwafundisha na kurekebisha kiwanda. Kiliendelea hadi mwaka 2010. General Motors wenyewe walikawia miaka mingi kupeleka somo hilo katika viwanda vyao vingine. Kamba ni rahisi kununua. Kumzoesha mkubwa ashukuru anapoletewa habari mbaya ndiyo kazi.

LAKINI KWA NINI?

Basi turudi kwenye mashine yetu ya kusaga.

Toyota wana desturi ya kuuliza kwa nini mara tano, jibu moja likizaa swali jingine, mpaka ufike kwenye mzizi. Wale kati yenu waliopitia mafunzo ya DELTA, yaliyoanza hapa Kenya mwaka 1974, watasema hilo si geni, maana na sisi tulizoea kuulizana: lakini kwa nini? Ni kweli. Shida ni kwamba tuliuliza kuhusu umaskini na serikali na bei ya kahawa, na tukasahau kuuliza kuhusu oili.

Tulimwomba mwenyekiti, mama mtu mzima ambaye kila mtu humwita Mama Mwenyekiti, aite mkutano mwingine, na yule kijana aalikwe kama mgeni, asiwe mshtakiwa. Tukaweka karatasi kubwa ya manila ukutani, tukaanza.

Kwa nini injini ilikwama? Oili ilikuwa imechakaa.

Kwa nini haikubadilishwa? Hapo wote wakamtazama kijana. Akasema polepole, "Niliomba pesa ya oili mara tatu, wazee wangu. Nilimwambia katibu." Katibu akakubali kwamba kweli aliambiwa.

Basi kwa nini pesa haikutoka? Kwa sababu kila shilingi ya kikundi ilihitaji sahihi tatu, na mmoja wa wenye sahihi anafanya kazi Nairobi. Huja mwisho wa mwezi, na mwezi ule hakuja.

Kwa nini sahihi tatu hata kwa kitu kidogo kama oili? Mzee mmoja akacheka. "Si mnamkumbuka mweka hazina wetu wa kwanza?" Wote wanamkumbuka, alihama usiku na pesa za michango. Sheria iliwekwa kwa hasira wiki iliyofuata.

Na kwa nini sheria ile haijawahi kuangaliwa tena tangu siku hiyo? Kimya. Kisha mama wa yule kijana, ambaye hatukuwahi kumsikia akizungumza mkutanoni, akasema, "Ni watu wa ofisi walituambia tuandike hivyo, na kwamba isibadilishwe."

Watu wa ofisi ni sisi.

Tulimwuliza baadaye, tukiwa wawili watatu tu, "Mama, siku ile mwanao alipofutwa ulijua aliomba oili. Mbona hukusema?" Akajibu, "Ningesema nini, na nyinyi mlikuwa mmeshaandika?"

Ndugu wasomaji, tumekaa na jibu hilo muda mrefu. Tulikuwa tumefundisha semina za uongozi katika kikundi hicho mara nne. Tuliwafundisha kazi za mwenyekiti, kazi za katibu, namna ya kuandika kumbukumbu za mkutano. Hatukuwafundisha, wala sisi wenyewe hatukuwa tumejifunza, namna ya kupokea habari mbaya. Kila mwezi tulijaza fomu yenye swali: mradi unaendelea? Tukaandika ndiyo. Mwezi wa kijana kuomba oili mara tatu, fomu yetu inasema ndiyo.

KUSIMAMA NA KUTAZAMA

Inasimuliwa kwamba Ohno alikuwa akichora duara kwa chaki sakafuni mwa kiwanda, akamwambia mhandisi asimame ndani yake atazame kazi. Angemwacha pale saa nyingi, kisha arudi kumwuliza ameona nini. Kama hajaona kitu, anaendelea kusimama. Wajapani hupaita mahali kazi inapofanyika gemba, na kiongozi anatakiwa aende huko kwa miguu yake.

Mama Mwenyekiti alikubali kujaribu. Mashine ilipofufuliwa (fundi alilipwa kwa mchango mwingine, na uchungu wake mnaufahamu), alianza kwenda pale kila Alhamisi, siku ya watu wengi, akakaa kwenye kigogo saa nzima bila kutoa amri. Wiki ya kwanza alisema hakuona kitu. Wiki ya pili aliona kwamba akina mama wanapanga foleni ya kupima mahindi kwenye mizani, halafu wanapanga foleni nyingine ya kulipa, halafu ya tatu ya kusaga. Mizani na meza ya pesa vilikuwa pande mbili za nyumba, kwa sababu tu meza iliwekwa dirishani siku ya ufunguzi ili mgeni rasmi asipigwe na jua. Miaka miwili watu walikuwa wakizunguka nyumba kwa ajili ya kivuli cha mtu aliyekuja mara moja.

Walihamisha meza. Haikugharimu shilingi.

Si kila walichojaribu kilifaulu. Walionelea wafungue mashine jioni, ili wanaotoka shambani wapate nafasi. Wakakubaliana kujaribu wiki mbili tu na kuandika ni madebe mangapi yanakuja. Yalikuja machache mno. Wazazi hawakutaka kuwatuma wasichana gizani. Wakaacha, wakaandika sababu. Hapo ndipo tulipoona kikundi kimeanza kujifunza. Zamani jambo kama hilo lingeletwa na mwenyekiti, lishindwe, na watu wamcheke kichinichini hadi uchaguzi. Sasa lilikuwa jaribio, lina mwanzo na mwisho, na hakuna aliyeaibika. Toyota nao hufanya hivyo: panga, jaribu, kagua, kisha rekebisha. Mafunzo hayo Wajapani waliyapata kwa sehemu kutoka kwa Mmarekani, W. Edwards Deming, aliyekwenda kuwafundisha mwaka 1950. Kwa hiyo akikuambia mtu kwamba hayo ni mambo ya Wajapani, mwambie nao waliazima.

ELIMU ISIKAE KICHWANI MWA MTU MMOJA

Kuna jambo jingine linaloua vikundi, na ni uchaguzi. Si kwamba tunapinga uchaguzi! Lakini viongozi wapya wakiingia, huanza sifuri. Mweka hazina wa zamani amekasirika kwa kushindwa, amekwenda na daftari. Aliyejua kutibu kuku ameolewa mbali. Anayejua sauti ya injini ikianza kuugua ni kijana mmoja, naye mmemfukuza.

Dawa yake si kitabu kikubwa cha sheria. Kule Toyota tatizo lote huandikwa kwenye karatasi moja: nini kimetokea, chanzo ni nini, tumejaribu nini, imekuwaje. Na namna ya kufanya kazi huandikwa mahali kazi ilipo, kwa msaada wa wanaoifanya, na hubadilishwa mara tu njia bora ikipatikana. Kikundi chetu kiliandika ukurasa mmoja, kwa Kiswahili na kwa lugha ya nyumbani, wakaugandisha ukutani karibu na injini: oili ikaguliwe kila asubuhi kabla ya kuwasha, ibadilishwe lini, mkanda ukazwe vipi, nani apigiwe simu. Aliyeandika ni yule kijana. Hakurudi kazini, alishaingia katika kazi ya bodaboda na anasema inamfaa zaidi. Lakini alikuja Jumamosi mbili kumfundisha mwendeshaji mpya, bila malipo. Mkutano ulimwomba msamaha. Sisi pia tulimwomba.

Hapa karibu yetu wapo waliotutangulia. Tanzania, hospitali ya rufaa ya Mbeya ilianza njia hii mwaka 2007, na huko hatua zake tano zimepewa majina ya Kiswahili safi: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Ethiopia nayo ilianzisha taasisi nzima ya kufundisha kaizeni, yaani kurekebisha kidogo kidogo, mwaka 2011. Onyo letu ni moja tu. Tumeona ofisi zilizofika kwenye safisha zikapiga rangi, zikabandika matangazo, na mkubwa bado haambiwi ukweli.

HATA WENYEWE WALIANGUKA

Tusiwafanye watu wa Toyota kuwa malaika. Miaka ya 2009 na 2010 walilazimika kuyaita mamilioni ya magari yarudi kurekebishwa, kwa sababu ya kanyagio za mafuta na kapeti za sakafuni zilizoweza kuzibana. Mwezi wa Februari 2010 rais wa kampuni, Akio Toyoda, mjukuu wa Kiichiro, aliitwa mbele ya bunge la Marekani. Alikiri kwamba huenda kampuni ilikuwa imekua haraka kuliko ilivyoweza kuwafundisha watu wake, na akaomba radhi. Mwaka 2014 Toyota ilikubali kulipa serikali ya Marekani dola bilioni 1.2 kwa sababu iliwapotosha wanunuzi kuhusu hatari hizo. Yaani waliobuni kamba walifika mahali nao wakaogopa kuivuta. Kama wao walianguka, sisi tusijisifu kwa meza moja tuliyohamisha.

YA KUANZA NAYO

Wengine mtauliza, tuanzie wapi? Kikundi cha mashine kilianza na mambo mawili. Kwanza walibadilisha ile sheria. Sahihi tatu zilibaki kwa pesa kubwa. Kwa matumizi ya kila siku walitenga kiasi kidogo katika simu ya mwendeshaji, na kila anachonunua anaonyesha risiti na ujumbe wa M-Pesa siku ya mkutano. Walibishana sana juu ya hilo, karibu saa mbili, na bado wapo wasioridhika. Ni haki yao, na wamekubaliana kuliangalia tena kila miezi sita.

Pili walining'iniza daftari kwenye msumari, na kalamu imefungwa kwa uzi. Mwendeshaji akiona jambo anasimamisha mashine bila kumwuliza mtu, anaandika na kupiga simu, na mmoja wa viongozi lazima afike siku hiyo hiyo. Siyo kesho. Akifika anaandika chini yake. Mwezi wa kwanza daftari lilikuwa tupu, na Mama Mwenyekiti alifurahi. Tukamwambia, Mama, usifurahi bado, pengine wanaogopa. Mwezi wa pili yaliandikwa mambo manne.

Mara ya mwisho tulipopita pale, foleni ilikuwa fupi na hatukumkuta kiongozi yeyote. Tulifungua daftari. Mwendeshaji alikuwa ameandika: mkanda unapasuka pembeni, nimesimamisha saa nne. Chini yake, kwa mwandiko wa mtu aliyejifunza kuandika ukubwani: nimefika saa tano, nimeuona, asante, twende tukanunue mwingine.